Mwanya wa Msumari Mmoja

Fundi Mutiso alipofariki mwezi uliopita, mkewe hakunipigia simu kuniuliza kama ningeweza kutengeneza jeneza. Alinipa vipimo tu. Urefu, upana wa mabega, na kwamba miguu ilikuwa imevimba siku za mwisho, kwa hiyo niache nafasi huko chini. Kisha akakata simu, nami nikabaki katikati ya karakana yangu na penseli mkononi, nikiandika namba ukutani kama alivyonifundisha Fundi mwenyewe, maana karatasi hupotea na ukuta haupotei. Watu wa kanisa lake walikuwa wameshaanza kuulizia jeneza lililo tayari, lenye kioo juu na vishikio vya kung'aa. Niliwaambia waziwazi kwamba mtu aliyeshika randa miaka hamsini hatalazwa ndani ya unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Wengine walisema Salome ana kiburi. Ninacho. Nilisoma hadi darasa la nne, na leo kuna watu wenye vyeti ukuta mzima wanaokuja kuniuliza mbao gani itafaa. Lakini kiburi hicho sikuzaliwa nacho. Nilipewa mwaka fulani, kando ya bwawa la kuogelea, na aliyenipa ndiye niliyekuwa nampimia sanduku.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na kazi yangu ilikuwa msasa. Ukitoka Majengo ukielekea Gikomba, kabla hujafika penye kelele za nguo, palikuwa na safu ya vibanda vya mabati vya maseremala, na cha tatu kilikuwa cha Fundi Mutiso. Ndani mlikuwa na giza la vumbi. Mchana jua liliingia kwa matundu ya misumari kwenye bati na kutoboa vumbi lile kama sindano. Benchi la Fundi lilikaa katikati, mbao nne nene za mvule zilizokuwa nyeusi kwa mafuta na jasho, na hakuna mtu aliyeweka hata kikombe cha chai juu yake bila kuruhusiwa. Okello, seremala wake wa pili, alikuwa na benchi dogo karibu na mlango. Mimi sikuwa na benchi. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, kiti cha mteja kikiwa mapajani, nikisugua tangu asubuhi mpaka vidole vinapoteza alama zake. Mwanamke katika vibanda vile alikuwa wa msasa au wa kuleta chakula. Okello aliniita Madam Msasa, na kila asubuhi aliniuliza kama nimeota ndoto laini.

Fundi alianza maisha kwa kuchonga. Kwao Ukambani alichonga twiga na vifaru vya watalii mpaka, alivyosema, akachoka kutazamwa na wanyama. Akaja Nairobi akajifunza meza na vitanda. Jicho la mchongaji halikumtoka. Alikuwa na kipimo kimoja cha kazi nzuri: wembe. Ukimaliza kuunganisha mbao mbili alitoa wembe mfuko wa shati, akaupitisha kwenye maungio. Ukiingia, unabomoa. Usipoingia, hasemi kitu, anarudisha wembe mfukoni anaondoka, na wewe siku hiyo unakula kwa furaha. Watu walitoka mpaka Buruburu kuleta kazi kwa sababu ya wembe ule. Mimi nilikuwa nikiutazama tu. Hakuna aliyepitisha wembe kwenye kazi ya msasa.

Mzee Wafula alikuja mwezi wa Novemba, na suti ya kahawia na kofia, mtu mrefu aliyestaafu reli. Alikuwa amejenga nyumba mtaa wa Lucky Summer, na nyuma ya nyumba amechimba bwawa la kuogelea. Okello alikohoa ili asicheke. Mtaa ambao watu walipanga mitungi kungoja mfereji, mtu amechimba bwawa. Mzee alieleza bila haraka. Kanisa lake dogo lilibatiza kwa kuzamisha mtu mwili mzima, na mto uliopita karibu ulikuwa umegeuka kuwa maji ya choo na viwanda. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekodi gari kwenda mbali kutafuta maji safi, na mama mmoja mzee alishindwa kupanda gari akabaki bila kubatizwa, akafa hivyo. Basi Mzee alichimba kisima, akachimba na bwawa. Tatizo lilikuwa ukingo. Saruji ikilowa ilikuwa inateleza, na jua likiwaka ilichoma nyayo. Zamani, kikazi, alikuwa amelala hoteli moja ya Mombasa akaona bwawa lililozungushiwa sakafu ya mbao, watu wakitembea juu yake pekupeku kama wako sebuleni. Alitaka hiyo, na aliitaka iwe tayari Pasaka, siku ambayo mchungaji wao mkuu angekuja kubatiza watu arobaini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona sakafu ya namna hiyo. Fundi alikubali kabla Mzee hajamaliza kunywa soda.

Tulikwenda kupima siku ya Jumamosi. Nilichukuliwa nibebe kamba na vigingi. Mtu mwingine angepima bwawa. Fundi alivua viatu akalizunguka mara tatu, kisha akamwomba Mzee aingie majini na kutoka kama mtu aliyebatizwa, na nguo zake. Mzee Wafula, na heshima zake zote, alikunja suruali akashuka ngazi mpaka magotini, akapanda tena akitiririka maji. Fundi aliangalia nyayo zake zilipolowesha saruji akapiga vigingi hapohapo. Hapa ndipo watu watatokea wakiwa hawaoni, alisema, maji machoni, kwa hiyo hapa pawe papana. Upande wa jikoni pawe na kivuli, kina mama wenye taulo watasimama huko. Nilishika kamba nikamtazama, na nikaelewa kitu ambacho hakuna darasa lingenipa: kwamba sakafu hupangwa kwa kufuata miguu ya mtu, namba zinakuja baadaye.

Mchana tulilishwa ugali wa wimbi na mrenda, na samaki wadogo waliokaangwa mpaka wakawa kama njugu. Chumba cha kulia kilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyofumwa juu ya kila kiti, na saa ya reli ukutani iliyokuwa ikipiga kwa sauti ya mtu mwenye cheo. Mke wa Mzee, Mama Nafula, alinipa chakula na wanaume meza moja, akaniuliza mimi ni nani katika kazi hii. Kabla sijafungua mdomo Okello alijibu kwamba mimi ni wa kulainisha. Wakacheka. Fundi hakucheka. Aliokota mwiba wa samaki, akauweka kando ya sahani, akasema maneno ambayo sikuyasahau.

"Watu arobaini watapita juu ya kazi yetu pekupeku. Hakuna atakayeona maungio yangu. Wote watausikia msasa wa huyu."

Tulipokuwa tukirudi aliniambia, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba sakafu ile ikimaliza mvua za masika na Pasaka ipite salama, atanitengenezea benchi. Okello alisimama njiani. Benchi katika kibanda kile lilikuwa na maana moja tu. Mwenye benchi ni fundi.

Tulianza Januari, kiangazi kikali. Nguzo fupi za mkaratusi tulizichovya katika oili chafu ya magari tukazisimamisha juu ya saruji ili mchwa asipate njia. Juu yake mbao za nne kwa mbili, kila moja ikilazwa na pimamaji mpaka povu litulie katikati. Za kukanyagia zilikuwa za saipras, zilizokaushwa vizuri, na hapo Fundi aliamua kuonyesha alichonacho. Kila ubao aliutolea ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, kwa randa ya mkono, ili ulimi wa huu uingie katika mfereji wa ule, na sakafu nzima iwe kitu kimoja kama uso wa meza. Majirani walipanda juu ya kuta kutazama. Alifanya kazi akiimba kwa pua, na ulimi mrefu wa maranda ukitoka randani bila kukatika, ukijikunja mpaka miguuni pake. Sijapata kuona tena mikono kama ile. Nimeajiri wanaume hodari, nimenunua mashine, sijaona.

Sasa nitasema kosa langu, maana bila hilo hadithi hii ni sifa tupu.

Karibu na benchi la Fundi kulikuwa na ndoo ya maji ya kulowekea kinoo. Jumamosi moja kipande cha majaribio, mbao mbili fupi zilizounganishwa ulimi kwa mfereji, kilidondoka ndani ya ndoo na hakuna aliyekiona. Jumatatu asubuhi nilifika wa kwanza, nikapeleka mkono kutafuta kinoo, nikakitoa. Siku ya Jumamosi kile kipande kilikuwa kinaachana na kurudiana kwa kidole tu. Sasa kilikuwa kimebanana kama meno ya mtu mwenye hasira, na mdomo wa mfereji ulikuwa umepasuka, mwanzo mpaka mwisho. Nilikigeuzageuza. Sikuwa na shule lakini sikuwa mjinga. Nilifikiria bwawa, maji yanayorukaruka, mvua ya mwezi wa nne, na zile mbao zote zikinywa maji bila mahali pa kunenepea.

Kwa nini sikusema? Wiki mbili kabla nilikuwa nimesema. Nilitangaza mbele ya mteja kwamba kigoda kina mguu mmoja mfupi, Okello akakihamisha hatua moja, kikasimama vizuri. Ardhi ndiyo iliyokuwa na shimo. Kuanzia hapo kila kitu kilichoyumba Gikomba nzima nililetewa nikitazame. Wauza mitumba ambao sikuwajua walinipigia kelele nikipita, dada, njoo uangalie mguu wangu huu. Basi Jumatatu ile, na kipande mkononi, nilimsikia Okello akija huku akipiga mluzi. Jiko la kuyeyushia gundi nilikuwa nimeshaliwasha. Nilikitupa humo. Kikafoka kwa sababu kilikuwa na maji, kikaungua. Mtu aweza kuishi na mambo mengi, lakini mimi mpaka leo nikisikia kuni mbichi ikifoka motoni, shingo hupata joto.

Sakafu ilimalizika katikati ya Machi. Nilipiga msasa siku tisa kwa magoti, mara ya mwisho nikiwa nimefumba macho, kwa kuwa macho hudanganywa na rangi na kiganja hakidanganywi. Fundi alitoa wembe akazunguka nao bwawa lote, akijaribu hapa na pale. Haukupita popote. Mzee Wafula alitembea juu yake na soksi, halafu bila soksi, akasema kwamba Mombasa haikuwa hivi. Tulipewa kuku mzima.

Mvua ilianza wiki iliyofuata, ikanyesha siku sita. Siku ya saba Mzee alimtuma mtu kutuita. Hakusema kuna nini, akasema tu tufike.

Niliona kabla ya kufika, kutoka kwenye geti. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Upande wa ngazi, pale papana, mbao zilikuwa zimesukumana mpaka zikang'oa misumari na kusimama, ncha mbili zikiegemeana kama paa la kibanda. Midomo ya mifereji ilikuwa imepasuka. Fundi alivua viatu, kama siku ile ya kwanza, akapanda juu yake polepole. Okello alianza kusema habari ya mbao mbovu, kwamba muuza mbao ametuuzia kitu kibichi, na Fundi akamwinulia kiganja anyamaze.

Nilitumwa jikoni nikachukue chai. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo. Mama Nafula alikuwa na wanawake wawili wa kanisa, na sauti zao hazikuwa za kificho. Alisema alimwambia Baba Nafula atafute watu wa ujenzi, yeye akaenda kuleta wachonga twiga. Mmoja akasema Pasaka imebaki siku kumi na tano na mchungaji mkuu ameshaandikiwa. Mwingine akasema labda ni Mungu anakataa bwawa, toka lini watu wakabatizwa kwenye kitu cha matajiri. Kisha nikasikia viatu vya Mzee Wafula vikiingia sebuleni kutoka veranda, na nyayo tupu za Fundi nyuma yake, na Mzee akiuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kosa ni la nani. La muuza mbao, la vijana wake, la nani.

"Ni langu," Fundi alisema. "Nimejua mti ukikauka maisha yangu yote. Mti ukinywa sikuujua, na sikuuliza mtu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa hapa."

Nilikuwa nimeshika birika. Niliirudisha juu ya jiko, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikamngoja kando ya bwawa. Alipokuja nilimwambia yote. Ndoo, kipande, mdomo uliopasuka, jiko la gundi. Nilimwambia nikiangalia miguu yake, ambayo ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Nilijua benchi limekwenda. Nilifikiri pengine hata debe limekwenda.

Mvua nyepesi ilikuwa inachora vidoa juu ya maji.

"Ubao umenishinda, hilo nalielewa," alisema. "Ubao hauna mdomo. Wewe unao, Salome. Uliuweka wapi?"

Nikamwambia kuhusu kigoda. Nilitegemea aseme hilo ni jambo dogo. Hakusema. Akaniambia kwamba basi makosa ni mawili, na yote mawili ni yake, kwa sababu kibanda ambamo mtu anaona moto unakuja na anaogopa kuchekwa kuliko moto, hicho ni kibanda cha fundi mbaya. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei ya misumari. Nimekutana na wanaume wengi wakubwa tangu siku hiyo, wa siasa, wa kanisa, wa mijengo. Mtu aliyeweza kubeba kosa la mwingine akaliweka juu ya lake na kuendelea kutembea wima, nimemwona mmoja.

Tuling'oa sakafu nzima. Na hapa ndipo nataka vijana wangu wasome polepole. Ndimi zile zote alizozitoa kwa mkono, miezi miwili ya kazi, alizikata yeye mwenyewe kwa msumeno. Okello aliomba amsaidie, akakataa. Midomo ya mifereji pia aliikata, kwa maana ingehifadhi maji na kuoza. Mimi nilifagia. Ndimi zilikuwa zimelala chini kama utepe, laini, nyembamba, nzuri, na tulizitumia kupikia githeri siku zile zote za kazi. Zilitosha.

Kisha swali likawa mwanya. Kiasi gani? Ukiacha mdogo mbao zitasukumana tena, ukiacha mkubwa kidole cha mtoto kitanasa, na mama mwenye kanzu ndefu atajikwaa. Fundi aliniita mbele ya Okello, akaniuliza kile kipande cha ndoo kilikuwa kimenenepa kwa kiasi gani. Nilifumba macho nikakumbuka kwa vidole. Nikaokota msumari wa inchi sita, nikauviringisha, nikasema unene wa huu. Okello alinitazama, nikamngoja aseme la mguu wa kigoda. Hakusema. Fundi aliuchukua ule msumari, akauweka kati ya ubao wa kwanza na wa pili, akabana, akauchomoa. Mwanya ukabaki, mstari mweusi ulionyooka. Kabla hajapiga nyundo aliuliza neno ambalo sikuwahi kulisikia katika kibanda chake.

"Kuna neno?"

Aliniuliza mimi kwanza, kisha Okello, kisha hata Mzee Wafula aliyekuwa amesimama na mwavuli. Hakukuwa na neno. Akapiga. Aliuliza hivyo kila ubao wa tano au wa sita, na mara mbili nilikuwa nalo neno, na mara mbili aling'oa.

Mbao zilipungua. Midomo iliyokatwa ilikuwa imekula upana, na mwishoni, pale mbele ya ngazi, palibaki pengo la mbao tatu. Saipras kavu ya namna ile haikupatikana wiki ya Pasaka. Ijumaa Kuu asubuhi Fundi alikuja na mkokoteni kutoka Gikomba mpaka Lucky Summer, na ndani yake mlikuwa na mbao tatu nene, nyeusi. Nilizitambua kabla hajazishusha. Kwenye mmoja kulikuwa na alama ya patasi, ile aliyokuwa akiweka kikombe chake pembeni yake. Alikuwa amebomoa benchi lake. Alizipasua ziwe nyembamba, akazipiga randa mpaka mvule ukatoka chini ya miaka yote ile, wa dhahabu, na nikazipiga msasa usiku kucha kwa taa ya Mzee.

Pasaka mvua haikukatika. Watu arobaini wenye kanzu nyeupe walipanga foleni chini ya turubai, wakiimba kwa Kiluhya na Kiswahili, na mchungaji mkuu akashuka majini kwanza. Tulisimama nyuma, upande wa jikoni, Fundi na kofia mkononi. Kila aliyetoka majini alitoka akiwa haoni, kama alivyosema, akipapasa hewani, na mguu wake wa kwanza ulikanyaga mvule. Maji yalimwagika kwenye kanzu, yakaanguka kwenye mianya, yakapotea chini. Sakafu haikushika hata tone. Kibibi mmoja alipotoka alisimama pale kwenye zile mbao tatu akakataa kusogea, mpaka kina mama wakadhani amezidiwa na Roho. Mama Nafula ndiye aliyemshika mkono, na baadaye akaniambia alichosema kibibi: pana joto. Mama Nafula aliniletea sahani yangu mwenyewe siku hiyo, akaniita fundi. Alitamka bila kufikiri, kama anayemwita mtu kwa jina lake, akaendelea kugawa wali.

Wiki iliyofuata Fundi alitengeneza benchi jipya, kwa sababu hakuwa nalo. Alilifanya refu kuliko kibanda kilivyostahili, mpaka tukatoboa bati upande mmoja. Jiriwa moja ya kubania mbao kushoto, jiriwa moja kulia. Alisimama upande wake akaanza kazi, na siku nzima hakuniambia kitu. Jioni aliuliza kama ule upande mwingine nitauacha wazi mpaka lini.

Sakafu ile ipo. Mzee Wafula hayupo tena, lakini mtoto wake Nafula ameendelea na bwawa, na sasa watoto wa mtaa wa Baba Dogo huja kufundishwa kuogelea. Kila Februari, kabla ya masika, nakwenda. Situmi mtu mwingine kwa kazi hiyo. Nasugua uchafu kwa brashi ngumu, nachokoa mianya yote kwa msumari ili majani yasizibe, naingia chini kwa tumbo na kuchoma kila nguzo kwa bisibisi kusikia kama imelainika. Zilizolainika nabadilisha. Mafuta ya kitani napaka juu, mara mbili, na sitii vanishi hata mtu anilipie nauli ya kwenda mbinguni. Zile za saipras nimebadilisha karibu zote kwa miaka hii, moja moja. Zile tatu za mvule sijazigusa isipokuwa kwa mafuta. Fundi alikuwa akija nami mpaka magoti yalipomkataza. Mwaka jana alikaa kwenye kiti, kivulini, na kila nilipotaka kupiga msumari nilimgeukia nikamuuliza. Alikuwa ananiambia hakuna neno, hakuna neno, mama, piga.

Jeneza nililimaliza Alhamisi. Mvule, maungio ya mkia wa njiwa kwenye pembe, bila vioo, bila vya kung'aa. Okello yuko kwangu sasa. Macho yamemwisha kwa mtoto wa jicho, na kwa kuwa vidole bado ni vizima, anapiga msasa. Sikumpangia hivyo kwa kisasi, ingawa sitadanganya kwamba sikulitambua hilo siku ya kwanza alipoketi juu ya debe lake. Nililaza mbao za kifuniko, nikashika nyundo, wafanyakazi wote wamesimama, na nikauliza kama ninavyouliza kila siku.

"Kuna neno?"

Nilifikiri hakuna atakayejibu. Nani ana neno mbele ya jeneza? Okello alinyanyuka. Alikuja akipapasa, akapitisha kiganja tangu miguuni mpaka kichwani, na hapo kichwani akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena.

"Liko. Hapa umeacha mwanya, Salome," alisema. "Unafikiri mzee anakwenda kuogelea?"

Nilichukua msumari wa inchi sita nikaujaribu. Ulipita sawasawa. Ulipita kwenye mbao zote za kifuniko, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mistari myeusi iliyonyooka. Sikukumbuka kupima. Mkono ulikuwa umejipimia wenyewe.

Tulizitoa mbao zote. Nilipiga randa upya kila ukingo, tukabana kwa jiriwa za benchi refu, ile ya kushoto na ile ya kulia, mpaka mbao zikalia. Okello alitia mkono mfuko wa shati lake akatoa wembe, nami sikujua kwamba miaka yote hii na yeye alikuwa anatembea nao. Aliupitisha taratibu, kwa kusikiliza, maungio kwa maungio, akafika kichwani, akajaribu mara ya pili.

Hakusema kitu. Alirudisha wembe mfukoni. Nikapiga msumari wa kwanza.